Mstari Mwekundu Kwenye Taya Langu

Kama unasoma hii huku mkono mmoja umeshika shavu, kaa hapohapo, ni wewe ninayekuandikia. Mimi si daktari. Niliishia darasa la saba, na kazi yangu ni kuuza maharage pale soko la Kwa Mrombo, Arusha. Wanaonijua wananiita Mama Lemburis. Wanaonijua vizuri wanajua kwamba kwenye meza yangu hapiti mtu bila neno. Anayeuliza bei nampa bei na habari juu yake. Asiyeuliza namuuliza mimi: kulikoni leo jirani, mzee kakataza maharage? Wauza maharage tuko wengi pale, na wengine ya kwao ni masafi kuliko yangu, siwezi kudanganya. Watu walikuwa wanakuja kwangu kwa sababu ya mdomo.

Sasa ugonjwa ukauangalia mwili wote huu, mnene kama ulivyo, ukaona pa kukaa ni hapo mdomoni. Nilijiona nimeonewa, haki ya Mungu.

Ulianza na jino la mwisho, chini, upande wa kulia. Ilikuwa kiangazi, vumbi la soko limetukaa hadi kwenye kope, jino likaanza kucheza. Nikaenda zahanati, wakaling'oa, nikarudi kazini siku ileile na pamba mdomoni. Lakini pale lilipotoka pakakataa kufunga. Halafu shavu likaanza kujaa polepole. Halikuuma, na kitu kisichouma mtu unakipa muda. Wateja wakawa wananitania, "Mama Lemburis, unatafuna nini mbona hugawi?" Nawajibu, "Natafuna wambea, bado wewe." Tunacheka, siku inakwenda.

Masika yalipoanza hakuna aliyetania tena. Watu wakiniona wanaangalia maharage. Nikawa najifunga kitambaa kichwani na kukishusha hadi kidevuni, nasingizia baridi. Siku moja mtoto wa mteja alinitazama kitambaa kilipoteleza, akajificha nyuma ya sketi ya mama yake. Mama wa watu aliona aibu mpaka akanunua maharage ambayo hakuwa na mpango nayo. Jioni hiyo nilimwambia Baba Lemburis, mume wangu, kwamba kesho siendi sokoni, naenda hospitali.

Kuhusu kusubiri hospitali nina mengi ya kusema, maana nimesubiri hadi nikayajua mabenchi. Lipo lenye msumari, lipo la kuyumba, na lipo moja zuri karibu na dirisha ambalo wazee wa alfajiri hulikamata kabla ya watu wote. Pale watu hawaulizani unaumwa nini. Wanaulizana umetoka wapi. Mama mmoja wa Kikwe, aliyemleta mumewe mwenye mguu mbovu, aliniona nimeshika kipande cha mkate nakiangalia tu. Hakuniuliza neno. Alifungua chupa yake ya chai, akamimina kwenye kifuniko, akakichukua kile kipande mkononi mwangu, akakichovya, akanirudishia kikiwa laini. Jina lake sikulijua. Kila nikisali namtaja kama Mama wa Kikwe, na Mungu anamjua.

Daktari wangu aliitwa Daktari Kessy, Mchaga, mtu wa makamo mwenye mikono baridi. Alinikata kipande kidogo cha ule uvimbe, kikapelekwa kupimwa, nikarudi kwenye mabenchi yangu. Majibu yalipokuja alivuta kiti akakaa karibu yangu. Daktari akivuta kiti, moyo unashuka hadi miguuni.

"Mama, si saratani," akasema. "Huu hautembei kwenda sehemu nyingine za mwili. Lakini unakula mfupa wa taya, na ni mkaidi. Ukiukwangua juu juu unarudi. Lazima tukate pamoja na mfupa wenyewe."

"Basi tumekutana wakaidi wawili," nikamwambia. Alicheka. Mimi nilienda kulia chooni.

Kukata mfupa, akaeleza, kunahitaji kujua uvimbe umeishia wapi. Wakanipeleka kwenye ile mashine ya duara, unalazwa juu ya kitanda chembamba, kitanda kinaingia kwenye tundu, unaambiwa usimeze mate. Jaribu kuambiwa usimeze mate uone yanavyojaa! Mashine hupiga picha za kichwa vipande vipande vyembamba, kama mkate uliokatwa slesi. Kuziunganisha slesi hizo ziwe kichwa kizima, cha kugeuza huku na huku, kunataka kompyuta yenye nguvu ambayo hospitali yetu haikuwa nayo. Kwa hiyo wanazirusha kwa mtandao kwenda kwenye kile wanachokiita wingu, yaani makompyuta makubwa ya kukodi yaliyo mbali, yanaunganisha huko, na daktari yeyote aliyeruhusiwa anafungua popote alipo. Daktari Kessy akiwa Arusha na bingwa akiwa Dar es Salaam wanageuza kichwa kilekile kwa wakati uleule.

"Na jina langu litaonekana huko?" nikauliza, maana Kwa Mrombo habari zina miguu.

"Hapana mama. Huko huna jina, huna mtaa, huna chochote. Una namba tu. Ndiyo usiri wenyewe."

Nikasema afadhali. Baba Lemburis ndiye hakupenda. Yeye kwa maneno ni mtu wa kubana, kwa mwezi anaongea ninachoongea mimi asubuhi moja, lakini siku hiyo alibaki amesimama mlangoni. "Picha yetu iko wapi?" akamuuliza daktari. Akaelezwa tena habari ya wingu. "Nimeelewa. Lakini bahasha yetu iko wapi?" Maana kwetu mgonjwa hutoka hospitali na ile bahasha kubwa ya kaki, anaipeleka nyumbani, wanaume wanaitoa picha, wanainyanyua kwenye mwanga, kila mmoja anaona anachokiona, ndipo mazungumzo yanaanza. Sisi tulitoka mikono mitupu.

Na kweli, tulipokwenda kwao, upande wa magharibi wa Mlima Meru ambako mimi pia nilizaliwa, shemeji yangu mkubwa hakuuliza hali yangu kwanza. Aliuliza bahasha. Mume wangu akasema picha iko kwenye mtandao. "Basi hamjapimwa," akasema shemeji, na kikao kikaishia hapo, tukapewa maziwa, tukarudi nyumbani kwetu Moshono.

Ilikuwa kipupwe, mlima haujaonekana kwa siku nyingi na vidole vinauma kwa baridi, nilipoitwa kuoneshwa kichwa changu. Walituingiza mimi na mume wangu kwenye chumba chenye skrini kubwa ukutani. Kwenye kona ya skrini alikuwepo yule bingwa wa Dar, Daktari Saidi, mtu wa pwani mwenye sauti ya upole.

"Shikamoo mama'angu."

"Marahaba mwanangu," nikajibu kupitia kitambaa. Sikukivua, hata mbele yake.

Halafu kichwa kikatokea. Jamani. Sijui kama wewe umewahi kujiona bila nyama. Fuvu jeupe linazunguka taratibu, macho ni mashimo, na pale taya la kulia pameumuka na kutobokatoboka, pamepakwa rangi ya machungwa kuonesha ugonjwa. Nilijaribu kuona kama nimefanana na mtu ninayemjua. Niliona shavu la mama yangu, pale juu chini ya jicho, mfupa wake hasa. Nikatulia kidogo.

Kisha Daktari Saidi akachora mstari mwekundu. Ulianza karibu na sikio la kulia, ukateremka na taya, ukafika kidevuni, ukapita, ukaenda kuishia upande wa kushoto.

"Ndani ya mstari huu chote tunakitoa," akasema. "Tunaweka chuma mahali pake. Mama'angu, sitakuficha. Ulimi umeshikiliwa hapa nyuma ya kidevu. Mfupa huu ukitoka, ulimi unakosa pa kujishikiza. Tutakuwekea bomba shingoni la kupumulia kwa muda. Na maongezi... yatakuwepo, ila hayatakuwa haya ya leo. Watu wa nyumbani watakuelewa."

"Na watu wa sokoni?"

Hakujibu. Uso wake ulisimama pale kwenye kona ya skrini, mdomo nusu wazi. Sikujua kama anafikiri au mtandao umekata. Daktari Kessy alibonyezabonyeza, akasema mtandao. Aliporudi hewani hakuna aliyerudia swali langu, na mimi sikuwa na nguvu ya kuliuliza tena.

Wiki zilizofuata nyumba yetu ilikuwa mbaya. Mume wangu akasema nisikatwe. Nikamuuliza unataka nini, uvimbe unizibe koo nife? Akasema hapana. Basi nikatwe? Hapana. Nikamrushia kikombe cha plastiki, kikamkosa, tukakitazama wote wawili kinavyozunguka sakafuni. Ndipo akasema, "Mimi nilioa mtu anayeongea. Nitakaa na nani humu ndani?" Katika ndoa yetu yote hajawahi kuniambia neno zito kama hilo, na alichagua siku ambayo nilikuwa nimemkasirikia.

Meza yangu sokoni akaishika wifi yangu Naomi, dada wa mume wangu. Ni mtu mwema, lakini anauza maharage kama anayetoa rambirambi. Nilienda siku moja kumwangalia nikiwa nimejifunika. Nikaamua kujaribu kukaa kimya tangu asubuhi, nione maisha yatakavyokuwa. Mteja wangu wa siku nyingi akaja, akapima, akasema bei imepanda, akaondoka zake. Nilimwangalia mgongo wake hadi akapotea kwenye mitumba. Maneno yalikuwa yamenijaa kifuani hadi naumwa. Nililia mbele za watu siku hiyo, mchana kweupe, na Naomi akanipa kitenge chake nijifutie akidhani ni maumivu ya taya.

Lakini niliamua kukatwa. Nina wajukuu. Mtu aliye hai bila maneno anaweza bado kuwapiga jicho.

Tukaitwa tena kwa Daktari Kessy ili nikubali kwa mdomo na kwa kidole. Skrini ileile, fuvu lilelile, Daktari Saidi kwenye kona yake. Nilikuwa nimeshanyoosha kidole kuelekea kwenye wino. Sasa sijui ni Mungu au ni soko. Mtu akikupimia mzigo lazima umuulize amepimaje, hata kama unamwamini. Kidole changu kikasimama.

"Daktari, uvimbe wangu uko huku kulia. Huo mstari wako unafuata nini huko kushoto?"

"Swali zuri, mama'angu." Akakileta kichwa mbele, akakisogeza hadi kidevu kikajaa skrini nzima. "Tazama hapa chini, katikati. Meno mawili ya mbele yameshadondoka. Na mfupa wake umesinyaa, umekuwa mwembamba. Ugonjwa umekwishafika hapa. Ndiyo maana navuka, nisiache mbegu."

"Meno gani yamedondoka?"

"Haya mawili ya mbele, ya chini."

"Hayo hayakudondoka!" nikasema, na sauti ilitoka kubwa hadi mume wangu akashtuka. "Hayo alinitoa koko! Bibi yangu, mzaa baba, kwa kisu kidogo, mimi nikiwa mtoto nachunga mbuzi. Mimi Mwarusha, mwanangu. Rika langu lote kule kwetu tuna hilo pengo."

Nikaangalia kona ya skrini nikidhani mtandao umekata tena, lakini Daktari Saidi alikuwa anapepesa macho. Daktari Kessy alikuwa amejifunika uso kwa viganja vyote viwili.

"Mungu wangu," akasema kutoka humo viganjani. "Pengo hilo nimeliona tangu siku ya kwanza. Nimekua na watu wenye pengo hilo, nimesoma nao, mwalimu wangu wa kipaimara alikuwa nalo. Kwangu mimi ni sawa na kuona mtu ana masikio. Haikunijia kabisa kuandika."

"Na mimi huku naona namba," akasema Daktari Saidi. "Sina jina, sina kabila, sina mdomo. Nina mfupa peke yake. Mama'angu, tafadhali, toa kitambaa usogee kwenye kamera."

Nikakivua. Nikaenda mbele ya kile kijicho cha kamera, nikashusha mdomo wa chini kwa vidole, nikaionesha Dar es Salaam pengo la Mwarusha. Mume wangu, yule asiyecheka hata harusini, nilimsikia nyuma yangu anacheka huku anapenga kamasi.

Usidhani walifuta mstari palepale. Daktari Saidi alisema meno kutolewa utotoni kunaweza kuusinyaza mfupa, ndivyo ulivyo mfupa usiobeba kitu, lakini ugonjwa pia unaweza kuwa umefika. "Sitabadilisha mpango kwa furaha," akasema. "Nitazipitia zile slesi upya, na Kessy achukue kipande hapo kidevuni tupime." Nilimheshimu kwa hilo. Lakini kusubiri majibu hayo kulinitesa kuliko kusubiri kote. Kabla ya hapo nilikuwa nimeshakubali. Sasa tumaini limeingia ndani, na tumaini halikuachi ulale. Nilikuwa napalilia maua ya jirani ili tu mikono iwe na kazi.

Simu ilipopigwa ilikuwa asubuhi, nachambua maharage ya ngwara na Naomi. Daktari Kessy hakusalimia hata. "Mama, kidevu ni kisafi." Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikampa Naomi simu na yeye aambiwe, ngwara zikamwagika uani, kuku wakasherehekea.

Kwa hiyo wewe uliyeshika shavu, nikuombe jambo. Ukiwa mbele ya daktari sema kila kitu cha mwili wako, hata kile ambacho kwenu ni cha kawaida hadi hamkioni. Kovu la chanjo, chale, jino, mfupa uliovunjika ukaungwa na mzee fulani. Ile teknolojia ni nzuri, naisifu, bila hiyo nisingeuona huo mstari wala kuuliza. Lakini inaona umbo. Nani alikutoa jino na kwa nini, hiyo unayo wewe.

Mpango mpya ukachorwa, mstari mwekundu ukasimama kabla ya kidevu. Na kutokana na ile picha wakatengeneza taya langu la plastiki, saizi ileile, likatumwa Arusha kwa basi kama kifurushi cha mtu yeyote. Daktari Kessy alikunja chuma juu ya hilo la plastiki mapema, ili siku ya upasuaji wasipoteze muda kukadiria huku nimelala wazi. Alinipa nilishike. Jepesi! Nilimnyooshea mume wangu, akarudi nyuma hadi ukutani. "Limenisema miaka yote hilo," akasema, "silishiki."

Nilikatwa mwisho wa kipupwe. Daktari Saidi alikuja mwenyewe. Nilidhani ni mrefu, kumbe ananifikia begani. Alinishika mkono hadi nilipolala.

Nilipoamka uso ulikuwa mzito, umevimba kuliko kabla, na meno ya juu na ya chini yamefungwa pamoja kwa mipira midogo ili taya litulie. Hakuna kutafuna wala kupanua mdomo, na kuongea nilikatazwa kabisa. Chakula ni uji na supu kwa mrija. Sasa mrija unapita wapi kama meno yamefungwa? Nesi alianza kuhangaika, anautafutia njia pembeni nyuma ya magego, unaniumiza. Nikamnyang'anya, nikaupitisha kwenye pengo. Ukaingia kama mlango wake. Hapo nikakumbuka nilivyolia siku ile ya kisu, na koko alivyoniambia: tunatoa meno haya ili ukiugua ukabana taya tuweze kukumiminia maziwa, usife na njaa. Nilikuwa nimeyapuuza maneno hayo tangu utotoni, naona ni ya kizamani. Nilimeza uji huku machozi yanaingia kwenye bandeji, nesi akadhani ni moto sana.

Nyumbani alininywesha Baba Lemburis. Na kwa kuwa mimi nilikuwa nimefungwa, na kimya kile kilimtisha, akaanza kuongea yeye. Kwanza aliniambia hali ya hewa. Halafu ng'ombe. Halafu akanisimulia jinsi alivyoniona mara ya kwanza kisimani nikigombana na wasichana watatu kwa mpigo, akaamua palepale. Sikuwahi kuijua habari hiyo! Nimeishi naye hadi wajukuu, alikuwa ameikalia tu. Nilitamani kumuuliza maswali mia na siwezi, na yeye alijua siwezi, akafurahi kupita kiasi.

Mipira ilitolewa mvua za vuli zilipoanza. Mdomo ulikuwa umekauka kama bawaba ya geti la zamani. Sikudanganyi kwamba nilitoka hapo naimba. Mdomo wa chini upande wa kulia umekufa ganzi na walisema utabaki hivyo, chai huchuruzika bila mimi kujua, ninatembea na leso. Shavu limeingia ndani kidogo, na picha za harusi siku hizi nageuza upande wa kushoto. Herufi za midomo zilikuwa zinavuja, p na b hazikamatiki. Na kati ya maharage yote ninayouza, yanayopendwa zaidi yanaitwa kablanketi. Nilikaa jikoni nikisema kablanketi, kablanketi, hadi mjukuu wangu mdogo akalishika yeye, akawa anamwita paka hivyo.

Sokoni nilirudi kabla ya Krismasi. Siku ya kwanza nilisema maneno kidogo na nikachoka kama niliyelima. Siku ya pili kidogo zaidi. Naomi hakuondoka, tulibaki wawili, yeye anapima na mimi nachokoza.

Wakati naandika haya, masika yamerudi. Juzi nilikwenda kwa Daktari Kessy kuangaliwa, akafungua kile kichwa changu kwenye skrini, kipya na cha zamani bega kwa bega, akasema hakuna kilichorudi. Lakini siyo hicho nilichotaka kumalizia.

Kabla ya kuitwa nilikuwa nimekaa kwenye benchi la kuyumba. Pembeni yangu kijana mmoja amevaa koti, kofia ya koti ameivuta hadi imefunika nusu ya uso, na upande mmoja nauona umejaa. Mama yake amekaa naye, hawasemeshani. Nikamwuliza, "Umetoka wapi mwanangu?" Mama yake ndiye akajibu kwamba wametoka Usa, hapo nje ya Arusha, na kwamba haongei tena na mtu tangu alipooneshwa picha yake, anasema watamharibu. Basi nikamgeuzia shavu langu lililoingia. Nikamwambia hapa palikuwa na mfupa, sasa pana chuma. Nikamwambia habari ya bahasha, habari ya kisu cha koko, habari ya mume wangu na taya la plastiki. Nilipofika nilivyoionesha Dar es Salaam pengo, kicheko kikamponyoka kijana, akajaribu kukirudisha, kikamshinda. Mama yake akacheka. Mzee wa benchi la dirishani akataka nirudie mwanzo, hakuusikia vizuri. Nikarudia, nikasimama kabisa, kwa vitendo.

Mlango wa kliniki ukafunguliwa kwa nguvu. Nesi akatoa kichwa nje, amekunja uso.

"Mama, punguza sauti bwana! Unasikika mpaka ndani, madaktari wanashindwa kufanya kazi."

Nilikaa. Nikamwomba aseme tena: nasikika mpaka wapi?